Mbwa aliyebaki hali chakula tangu mwenzake afe: ni msiba au ni kupe?

#1 Mti_wa_Raskazone
Wakuu, salaam. Nyumbani kuna mbwa wawili wa kienyeji: dume wa miaka 9 na jike wa miaka 6, kilo 18 hivi. Dume amekufa Jumamosi usiku, kazikwa Jumapili asubuhi uani chini ya mwarobaini. Tangu hapo jike anaonja chakula mara mbili tatu anaacha. Mchana kalala juu ya kaburi, usiku yuko getini, na ikifika saa tano, muda ambao walikuwa wanafunguliwa wote wawili kulinda, anatoa mlio mrefu mwembamba. Leo siku ya nne. Watoto wakimwona vile nao hawali.

Mimi nasema huu ni msiba, mbwa anamlilia mwenzake kama mtu. Swali: huwa unachukua muda gani, na nyumba nzima inatokaje humo? Majirani jibu lao ni moja tu, "si mbwa tu huyo".

#2 Fundi_Baiskeli
Pole. Ila mbwa haombolezi, yakhe. Hiyo ni ratiba imevunjika. Wakiwa wawili, mmoja huwa anaanza na mwingine anafuata: kwenda kwenye sufuria, kubweka, kuzunguka ukuta. Anayeanza akiondoka, anayefuata hajui siku inaanzia wapi. Mlio wa saa tano ni wa kuita, si wa kulia. Mbwa akipotezana na mwenzake porini huita hivyo hivyo.

Na kulala juu ya kaburi? Udongo uliofukuliwa juzi ni mbichi na baridi, chini ya mwarobaini. Kwa jua hili la Tanga hata wewe ungelala hapo.

#3 Bibi_Chumbageni
#2 una roho ya spoku. Hujamsikia Hachiko wa Japani? Bwana wake alikufa, mbwa akaenda kumsubiri stesheni kila siku miaka 15 mpaka naye akafa. Hiyo nayo ni ratiba?

#4 Mpekuzi_wa_Duga
Bibi, shikamoo. Si 15, ni karibu 10. Profesa Ueno alikufa Mei 1925, Hachiko akafa tarehe 8 Machi 1935. Sanamu yake pale Shibuya ilisimamishwa 1934, mbwa mwenyewe yu hai bado. Viungo vyake vimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Tokyo, na mwaka 2011 vilipochunguzwa vilikutwa na saratani kwenye moyo na mapafu. Minyoo ya moyo alikuwa nayo pia. Na watu wa stesheni walikuwa wakimlisha.

Kwa hiyo kila upande unaweza kumchukua. Wa msiba watasema alisubiri. Wa ratiba watasema alifuata saa ya treni na vipande vya nyama. Wa tatu watasema alikuwa mgonjwa na hakuna aliyejua.

#5 Sindano_ya_Mifugo
Huyo wa tatu ni mimi. Mtoa uzi, kabla hatujamlilia, mpime. Chukua kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, paka Vaseline, ingiza njia ya haja kubwa kama sentimita 2, dakika moja. Fanya saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijamchoma, kwa sababu mbwa aliyelala juani saa saba atakudanganya. Kawaida ni 38.3 mpaka 39.2. Ikivuka 39.5 akiwa ametulia kivulini, hiyo ni homa.

Halafu inua mdomo wa juu, tazama fizi. Bonyeza kwa kidole mpaka paweupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mwisho panua vidole vya miguu kimoja kimoja na ukunjue masikio. Huyo dume alikufaje hasa?

#6 Mti_wa_Raskazone
Alipungua taratibu wiki tatu. Siku mbili za mwisho alitoka damu puani, kidogo kidogo, pua moja. Tukasema uzee.

#7 Sindano_ya_Mifugo
Uzee hautoi damu puani. Hiyo kwa mbwa wa pwani jambo la kwanza ni homa ya kupe, ile ya Ehrlichia. Inakaa mwilini miezi, mbwa anakonda, chembe za kugandisha damu zinapungua, mwishowe pua inavuja. Kupe wake ni yule wa kahawia wa mbwa, na tofauti na kupe wa ng'ombe, huyu anaishi ndani ya nyumba: nyufa za ukuta, chini ya kibanda, nyuma ya mlango. Walilala kibanda kimoja? Basi waliumwa na kupe wale wale. Kukosa hamu ya kula na kulala kutwa ndiyo dalili za mwanzo kabisa. Kwa macho huwezi kuzitenganisha na huo mnaouita msiba.

#8 Mbung'o_Mkubwa
Nakazia kwa #7, ila naongeza. Kama hao mbwa walipelekwa kuwinda upande wa Pangani kuelekea Saadani, fikiria ndorobo pia, ule ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mbung'o yupo kule. Mbwa wa ndorobo hukonda, homa inapanda na kushuka, uso unavimba, na jicho hufanya ukungu wa bluu kama limemwagiwa maziwa. Damu puani si dalili yake kubwa.

Tanga tuna bahati: kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo hapa ndicho kile cha zamani cha utafiti wa mbung'o. Damu ikipakwa kwenye kioo, kuna macho yaliyozoea kuisoma.

#9 Panya_Buku
Mmesahau sumu ya panya. Ile ya vidonge vya rangi haiui papo hapo, inazuia damu kugandika, mbwa anaanza kuvuja siku ya 3 mpaka ya 5: puani, kwenye fizi, au ndani kwa ndani. Uliza kama kuna jirani katega wiki ile. Dawa yake ni vitamini K1, na inatolewa wiki kadhaa, si sindano moja ukaondoka.

#10 Sindano_ya_Mifugo
#9 ni kweli, lakini ya sumu haikondeshi mbwa wiki tatu. Mbwa huvuja akiwa bado mnene.

#11 Panya_Buku
Alikonda kwa uzee, akavuja kwa sumu. Mambo mawili hayakatazwi kukutana kwenye mbwa mmoja.

#12 Mtaimbo_Sahare
Wasomi endeleeni. Mimi nauliza la udongo: hilo kaburi lina kina gani? Raskazone ukichimba futi moja na nusu unagonga tumbawe. Nahisi mlichoka mkafukia.

#13 Mti_wa_Raskazone
Futi 2, mkuu. Sururu iligoma.

#14 Mtaimbo_Sahare
Nilijua. Basi na mimi nina maelezo yangu ya kwa nini analala pale: anamnusa. Udongo wa juu yake ukiwa chini ya futi 3, pua ya mbwa inapita kama hakuna kitu. Si msiba wala ubaridi, ni harufu inayobadilika kila siku, na yeye anaifuatilia. Siku ya sita au ya saba ataanza kuparua. Mbwa koko wakija nao watamsaidia.

Kwa mbwa wa kilo 20, shimo liwe futi 4 kwenda chini, ili juu ya mzoga zibaki futi 3. Jembe halifiki huko. Unaanza na sururu, ukigonga tumbawe unaingiza mtaimbo kwenye ufa na kulikwanyua vipande, hulipigi katikati. Likiwa jiwe zima, usijiue: ongeza kwenda juu. Leta udongo mwekundu matoroli 5 au 6, panga mawe ya tumbawe yale uliyotoa, juu tandika wavu wa kuku mita 2 kwa mita moja na nusu, kingo uzikandamize kwa mawe, kisha udongo tena. Mbwa akiparua anakutana na waya, anaacha. Kwa kesi yako iliyokwisha kuzikwa, fanya hivyo hivyo bila kufukua. Usifukue kabisa.

Makosa ninayoyaona sana. La kwanza, kuzika na kiroba cha nailoni. Kinashika maji, mzoga hauozi vizuri, unanuka miezi. Tumia gunia la katani au kanga kuukuu. Hapa ni Tanga, kukosa gunia la katani ni aibu. La pili, kumwagia chokaa "aoze haraka". Chokaa inachelewesha kuoza, haiharakishi. Inapunguza harufu na nzi, basi. La tatu, kisima. Kaa mita 30 mbali nacho, na ukiwa Sahare karibu na mikoko angalia pia maji ya chini: masika shimo la futi 3 linajaa maji lenyewe, huko tafuta mahali palipoinuka. La nne, kuchelewa. Mzoga unaanza kukakamaa ndani ya saa chache na kwa joto letu haraka zaidi, hivyo mkunje miguu mapema la sivyo unachimba shimo la meza.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza kaburi litatitia. Si ajabu, ongeza udongo.

#15 Bibi_Chumbageni
"Shimo la meza." Mwanangu wewe, watu wamefiwa humu.

#16 Daftari_la_Jioni
Kuna utafiti wa Italia uliotoka 2022, wenye mbwa 426 waliofiwa na mwenzao wa nyumba moja. Asilimia 86 ya wenye mbwa walisema mbwa aliyebaki alibadilika: wengi walitaka kuwa karibu na watu zaidi, walicheza kidogo, na karibu theluthi walikula kidogo. Kwa wengi ilizidi miezi 2. Urefu wa muda waliokaa pamoja haukuwa na uzito. Kilichokuwa na uzito ni kama walielewana, kama walikuwa wakila chombo kimoja, na kama mwenye mbwa mwenyewe alikuwa na majonzi.

Hapo pa mwisho ndipo nasimama. Mtoa uzi kaeleza kwamba watoto wakimwona hawali. Geuza: yeye akiwaona hawali. Mbwa anasoma nyuso. Nyumba ikinyamaza, naye ananyamaza.

#17 Mpekuzi_wa_Duga
Sawa, lakini aliyejaza fomu ni mwenye mbwa. Mtu mwenye huzuni ataona huzuni kila pembe. Fomu haikumuuliza mbwa.

#18 Fundi_Baiskeli
Umenena. Na "kula chombo kimoja" ni ratiba pia. Nadai.

#19 Mwalimu_Nguvumali
Mnamgombea mbwa, watoto wamesahaulika. Ukubwa gani? Kwa wa miaka 4 au 5, msiseme "amelala" wala "amesafiri". Atakayeambiwa amelala ataogopa kulala yeye, na atakayeambiwa amesafiri atamsubiri getini pamoja na huyo jike. Sema "amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hapumui, haumii". Kesho atauliza tena atarudi lini. Jibu kwa maneno yale yale, usitafute mapya. Haulizi kwa sababu hakusikia. Umri huo haujashika kwamba kifo hakirudi nyuma. Wa miaka 7 na kuendelea hushika, ila huwaza kama ni kosa lake: hakumpa maji, alimfungia nje. Mwondolee hilo waziwazi, hata kama hajasema.

Wape kazi yenye mwisho. Kubeba mawe ya #14, kumwagilia mwarobaini. Sufuria ya marehemu msiitupe mbele yao siku ya kwanza, na msiiache pale pale mwezi mzima. Ioshwe, ihamie stoo, na mtoto mkubwa ndiye aipeleke.

#20 Mwana_wa_Pwani
Kuhusu majirani: sehemu ya hilo "mbwa tu" ni fikihi iliyochanganywa na desturi. Kwa Shafii mbwa ni najisi, chombo alichoramba kinaoshwa mara 7, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara, si ya kumchukia mnyama. Hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu ni sahihi na kila mtu anaijua. Wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na wa kulinda nyumba wanazuoni wengi wamempima humo humo. Kumsikitikia hakuna aliyekukataza. Kumwekea matanga ndiyo hapana.

#21 Bibi_Chumbageni
Tanga bila matanga, tumesikia.

#22 Saa_Sita_Usiku
Swali la pembeni: kucha. Mbwa amekufa wiki, usiku bado zinasikika kwenye sakafu, ta-ta-ta-ta, zinasimama mlangoni. Wengi waliofiwa na mbwa wanaeleza hivyo.

#23 Daftari_la_Jioni
Sikio limezoea sauti ile saa ile kwa miaka, linaijazia. Hufifia lenyewe. Kinachosaidia ni kuubadili muda huo: kama saa tano ulikuwa ukienda kufungua kibanda, usikae kitandani ukisubiri. Nenda getini, zunguka ukuta, funga kufuli, rudi. Matembezi ya asubuhi nayo usiyaache, punguza tu njia. Mwili unaoamka saa kumi na moja kwa sababu ya mbwa utaamka tu, bora uwe na pa kwenda.

#24 Panya_Buku
Au ni panya darini. Jina langu lanituma.

#25 Mti_wa_Raskazone
Wakuu, vipimo. Saa 12 asubuhi: 39.9. Fizi si nyeupe ila zimepauka, rangi inarudi kama sekunde 2. Kupe 14, wengi katikati ya vidole vya mbele na ndani ya sikio la kushoto. Jirani anasema hakutega sumu. Kuwinda hawajawahi kwenda, ni wa getini tu.

#26 Sindano_ya_Mifugo
Leo hii peleka damu. Usimpe Panadol, wala diklofenaki, wala zile za maumivu za watu: zinamuumiza mbwa ini, figo na tumbo, na huyu huenda tayari damu yake haigandi vizuri. Na asije mtu akamchoma Berenil kwa kukisia. Berenil ni ya babesia (ugonjwa mwingine wa kupe) na ndorobo, haigusi Ehrlichia, na kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayotibu na inayoharibu ubongo ni nyembamba. Wanaozoea kumkadiria ng'ombe kwa macho ndio wanaoua mbwa nayo.

Mkojo wa rangi gani? Ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea au mwekundu, huenda ni babesia. Ukiwa wa kawaida, turudi kwenye ile ya kwanza.

#27 Mti_wa_Raskazone
Wa kawaida, njano.

#28 Mbung'o_Mkubwa
Mwambie mchukua damu apake kioo hapo hapo ikiwa mbichi. Na wakikwambia "hatukuona kitu" usishangilie: Ehrlichia kwenye kioo hukosekana mara nyingi hata mbwa akiwa nayo. Omba wahesabu chembe za kugandisha.

#29 Mti_wa_Raskazone
Mmekuwa manabii. Kwenye kioo hawakuona kitu. Chembe za kugandisha ziko chini. Kapewa doksisaiklini.

#30 Sindano_ya_Mifugo
Miligramu 10 kwa kilo kwa siku, kilo 18 ni 180, kwa hiyo vidonge 2 vya 100, siku 28. Siku ya tatu atachangamka, na hapo ndipo watu huacha dawa. Usiache. Usimpe tumbo tupu, atatapika, na kidonge kikikwama kooni kinaunguza: mfuatishie maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ml 10. Usichanganye na maziwa, yanaifunga dawa isifyonzwe vizuri.

Kwa kuwa hali: chemsha dagaa, kama ni wa chumvi waloweke kwanza na kumwaga maji mara mbili. Usiweke kitunguu, ni sumu kwake. Supu iwe vuguvugu, harufu ndiyo anayoila kwanza. Changanya na ugali laini kiasi cha ngumi, mara 4 kwa siku, na ukiona kagoma ondoa baada ya dakika 15. Chakula kinachokaa pale kutwa kinamkinaisha.

Kibanda: choma matandiko, ziba nyufa kwa saruji, halafu dawa ya kupe, amitrazi ya 12.5%, ml 2 kwa lita moja ya maji, nyunyiza mpaka kona za juu maana kupe hupanda ukuta. Rudia baada ya wiki 2. Jike mmoja akishashiba na kudondoka anataga mayai maelfu.

#31 Mpenda_Vitoto
Mleteeni mtoto wa mbwa, atasahau yote.

#32 Sindano_ya_Mifugo
Ndani ya kibanda chenye kupe? Huo ni mlo mnawaletea. Ngoja siku 28 ziishe.

#33 Mwalimu_Nguvumali
Na kwa watoto, mapema mno inakuwa kama kubadili balbu iliyoungua. Wakiwa bado wanamtaja kila siku kwa jina lake, ngojeni.

#34 Mpenda_Vitoto
Wengine huchangamka siku ile ile. Hakuna kanuni.

#35 Mti_wa_Raskazone
Taarifa. Siku ya tatu ya dawa: joto 38.8, kamaliza supu. Siku hiyo hiyo tulimaliza kuweka mawe na wavu, na watoto wakaanza kula naye uani badala ya ndani. Pia nimemfungua saa nne badala ya saa tano, na mimi mwenyewe nikazunguka naye ukuta. Kaburini halali tena.

#36 Sindano_ya_Mifugo
Dawa.

#37 Daftari_la_Jioni
Watoto.

#38 Mtaimbo_Sahare
Wavu na mawe. Harufu imezibwa.

#39 Fundi_Baiskeli
Saa nne badala ya saa tano, na mtu wa kumfuata kapatikana. Sisemi zaidi.

#40 Mti_wa_Raskazone
Ila saa tano jana alilia tena. Mara moja, akanyamaza.

#41 Bibi_Chumbageni
Haya, mlieleze na hilo. "Waja leo waondoka leo" ni wageni wa Tanga, si msiba.

#42 Saa_Sita_Usiku
Wavu wa kuku mnapata wapi kwa mita? Maduka ya Ngamiani wanataka uchukue roli zima.